Hospitali ya askari ng'ambo ya Kamanga

Mwana_Kirumba: Habari zenu wakuu. Jumapili nilivuka Ziwa Victoria na kivuko kutoka Mwanza hadi Kamanga, nikapanda kilima hadi kwenye gofu ambalo bibi yangu huliita "hospitali ya askari". Paa limeanguka nusu. Wodini vimebaki vitanda vitatu vya chuma, na ukutani namba 14 kwa rangi nyekundu. Mtu aliikoleza mara mbili. Nilisimama pale muda mrefu, nikimuwaza aliyelala chini yake. Ni ya Mjerumani au Mwingereza?

Babu_Igoma: Mwingereza aliiteka Mwanza kutoka kwa Mjerumani Julai 1916, mjukuu wangu. Tazama kuta: mawe yaliyochongwa kwa mkono, au matofali ya saruji?

Nesi_Mama_Wawili: Mdogo wangu, usiguse chupa wala sindano za zamani. Vumbi la kinyesi cha popo huharibu mapafu: vaa barakoa, na viatu vya soli ngumu.

Mwana_Kirumba: Shikamoo babu. Ni mawe ya kuchonga, chokaa katikati. Asante dada, popo wamejaa kweli. Narudi Jumamosi na mwenyekiti wa kijiji. Bibi atatusubiri chini ya kilima, anataka nimwoneshe picha ya hiyo 14.