Mliowahi kujitolea kwenye programu huria halafu mwenye hela akaingia, tupeane uzoefu

Fundi Seva: Wakuu, nimesoma tena sakata la Redis, ile hifadhidata huria. Machi 2024 kampuni yake ilibadilisha leseni ikabana matumizi, wachangiaji wakabeba msimbo wakaanzisha Valkey chini ya shirika la Linux Foundation. Mwaka uliofuata kampuni ikaleta AGPL, leseni huria inayomtaka anayerekebisha programu na kuitoa kama huduma mtandaoni aweke wazi msimbo wake, ila watu washahama. Kwako ilikuwaje? Sitaki za kusikia, nataka yaliyokukuta.

Bibi Terminali: Sisi wahenga tuliiona kwa Oracle. Walipoichukua Sun, kampuni iliyokuwa na OpenOffice ya kuandikia nyaraka, mwaka 2010, mwaka huohuo wachangiaji wengi wakajitoa, ndiyo LibreOffice hii.

Kipanga wa Tanga: Uzi umenitonesha. Nilikuwa na kiunganishi cha kupokea malipo ya simu kwenye maduka ya mtandaoni, leseni ya MIT, ile inayomruhusu yeyote kutumia bure. Kampuni moja, siitaji, ikaanza kukitumia. Mwanzo raha tupu, wakatulipia seva ya majaribio, na fulana juu. Taratibu kikao cha mradi kikahamishiwa saa nne asubuhi siku za kazi. Wao hapo wanakula mshahara, sisi tuko kwa waajiri wetu. Ukiingia jioni, jambo lishaamuliwa. Hitilafu ya muuza viatu wa Mbagala inalala miezi, ya kwao imeandikwa HARAKA.

Sasa mwisho wa mwezi nipo msibani Korogwe, nageuza ubwabwa na vijana, simu haikatiki. Meneja wao: "Malipo ya wateja yamekwama, unatusaidiaje?" Namwambia niko msibani. Akanyamaza kidogo. "Pole sana kaka. Laptop unayo hapo?"

Nikakata. Siku chache mbele nakuta haki zangu za kuunganisha msimbo zimeondolewa, eti usalama. Aliyeziondoa ni dogo niliyempa funguo mimi, kashaajiriwa kwao.

Chogo: "Laptop unayo hapo" 😂😂😂

Bibi Terminali: Pole baba. Huyo dogo mlikuja kuonana?

Kipanga wa Tanga: Alikuja harusini kwangu. Alichangia laki mbili.

Chogo: Ulipokea???

Kipanga wa Tanga: Ukumbi ulikuwa unadai.

Wakili Asiye na Kesi: Tusidanganyane. MIT inaruhusu kila walichofanya. Unagawa bure halafu unalia?

Fundi Seva: Mkuu, leseni hiyohiyo imeandika programu inatolewa ilivyo, bila dhamana yoyote. Meneja alipata wapi haki ya kumpigia mtu msibani?

Wakili Asiye na Kesi: Kupiga simu siyo kosa kisheria.

Chogo: Ndiyo maana huna kesi.

Dada Kernel: Wafadhili nao siyo mashetani. Linux sehemu kubwa inaandikwa na watu wanaolipwa na kina Intel, Google na Red Hat. Cha muhimu funguo zisikae kwa mwajiri mmoja. Wekeni AGPL, wakitaka leseni tofauti walipe.

Mzee Kifurushi: AGPL wanasheria wao wanaikimbia, utabaki na mradi wako mwenyewe. Mimi nasema funguo usimpe mtu.

Dada Kernel: Ukae peke yako yakukute ya xz, ile programu ya kubana mafaili? Mtunzaji mmoja wa kujitolea, kachoka, akaunti za ajabu zikamsukuma aongeze msaidizi. Msaidizi ndiye akapachika mlango wa nyuma wa kuingilia kompyuta kwa siri. Machi 2024 mhandisi Andres Freund kaugundua kwa sababu ssh, ile njia ya kuingia seva kwa mbali, ilichelewa kama nusu sekunde.

Mzee Kifurushi: Si ndicho ninachosema, alimpa mtu funguo!

Duka la Mama Salma: Samahani kutoka nje ya mada. Kipanga, hicho kiunganishi bado kinafanya kazi? Nataka kukifunga dukani.

Kipanga wa Tanga: Kinafanya vizuri tu dada. Ukikwama wapigie wao.