Defender haichaji, altaneta ya pili hii. Ninunue ya tatu?

Ngarenaro110: Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Rover Defender 110 ya 1993, injini ya dizeli 200Tdi. Haichaji. Nimebadilisha altaneta (mashine ya kuchaji betri) mara mbili ndani ya mwezi, betri ni mpya, na juzi limegoma kuwaka pale soko la Kilombero hadi likasukumwa. Keshokutwa napeleka wazee Babati. Kuna fundi ana altaneta ya mtumba, Lucas A127 ya ampia 65. Nichukue?

Mkanda_na_Puli: Anza na fenibelti, mkanda unaozungusha altaneta. Ibonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ikizama zaidi ya sentimita moja hivi, imelegea. Kisha chungulia ndani ya mfereji wa puli. Mkanda wa V unashika kwa mbavu zake, hautakiwi kugusa chini. Ukiona chini ya mfereji panang'aa, mkanda umekwisha hata ukiukaza vipi, na kuukaza kupita kiasi kunaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji.

Mwana_Korola: Angalia fyuzi ya waya wa IG, ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Ikikatika, altaneta haiamki kabisa. Plagi ina pini tatu: IG, L na S.

Volti_Kumi_na_Nne: Hiyo ni Toyota, mkuu. Lucas A127 haina waya wa IG. Ina waya mnene wa kwenda betri na mwembamba wa kahawia wenye mstari wa njano unaotoka kwenye taa ya betri. Mtoa mada, hujatupa namba hata moja. Pima kwenye vichwa vya betri: gari limezimwa, halafu silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta). Kisha washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye bolti ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Ikizidi nusu volti, waya au kichwa kina kutu. Pima pia bodi ya altaneta hadi hasi ya betri. Hapo isizidi volti 0.2.

Ngarenaro110: Limezimwa 12.4. Silensa 12.1, taa ya betri imebaki inawaka. Kwenye waya 0.1, kwenye ethi (upande wa hasi) 0.05. Ila fundi alichomoa kichwa cha betri gari likiunguruma na halikuzima, akasema altaneta ni nzima. Sasa nimechanganyikiwa.

Mzee_wa_Gereji: Tafadhali msifanye hivyo, na fundi anayefanya hivyo mkatazeni. Betri ndiyo inayomeza umeme unaoruka ghafla. Ukiichomoa altaneta ikiwa inachaji, volti zinapanda mara moja na daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua, wakati mwingine na regyuleta, kidhibiti cha volti, pamoja nazo. Kazi ambayo mita ya bei ndogo inaifanya salama, kwa nini uifanye kwa kuharibu mali ya mtu?

Chunguza_Kwanza: Mimi siamini uzi huu. Pampu ya dizeli ya 200Tdi ina solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayokata mafuta), na inataka umeme muda wote ili mafuta yapite. Betri ikichomolewa na altaneta haichaji, injini inakufa hapo hapo. Mtu anasema haichaji, kisha anasema haikuzima. Ama inachaji, ama hakuna gari. Watu wanapoteza muda wao kumsaidia mtu asiyekuwepo.

Ngarenaro110: Gari lipo, ndugu yangu. Fundi alikanyaga mafuta kwanza. Ukikanyaga sana taa inazima, mita inasoma 14.2, na inabaki hivyo hadi nizime gari. Nikiwasha tena, haichaji.

Chunguza_Kwanza: Hili ulipaswa kuliandika mwanzoni. Nimekuelewa, naomba radhi.

Volti_Kumi_na_Nne: Basi altaneta zako zote mbili huenda zilikuwa nzima. Nani amegusa deshibodi?

Ngarenaro110: Taa zote za deshibodi niliweka LED mwezi uliopita. Lakini hilo halihusiani, ya betri inawaka vizuri kuliko zamani. Na amana ya altaneta nimeshatoa.

Volti_Kumi_na_Nne: Linahusiana kuliko yote. Taa ile si ya kuonyesha tu. Ukiwasha swichi ya ufunguo, umeme unapita ndani ya balbu, unashuka kwenye waya wa kahawia na njano hadi koili ya rota, sehemu ya altaneta inayozunguka, na huo ndio unaoifanya rota kuwa sumaku. Balbu ya nyuzi ya wati 2.2 inapitisha takriban ampia 0.18. LED inapitisha kama 0.02, haitoshi kuiamsha rota. Ukikanyaga mafuta, usumaku mdogo uliobaki kwenye chuma cha rota unatosha kuianzisha, kisha inajilisha yenyewe. Mjini dizeli haifiki mizunguko hiyo, ndiyo maana betri inakufia sokoni. Altaneta ya tatu itafanya vilevile.

Ngarenaro110: LED sitaki kuzitoa, usiku naona geji vizuri.

Volti_Kumi_na_Nne: Acha za geji. Hii moja tu irudishe ya nyuzi. Ukiitaka LED kwa lazima, funga rezista (kipande cha kupunguza umeme) ya omu 68, wati 5, sambamba nayo, yaani toka mguu mmoja wa soketi hadi mwingine. Usitumie ya wati robo, itaungua. Na iache mbali na plastiki, inapata joto swichi ikiwa imewashwa na injini haijawaka.

Mzee_wa_Gereji: Ukishaweka balbu, pima silensa bila kukanyaga. Halafu geuza mita kwenye AC (umeme wa mkondo geu): ikizidi volti 0.5, daiodi imeshapata madhara ya ule uchomoaji.

Ngarenaro110: Nimeweka balbu. Taa imezima mara injini ilipowaka. Silensa 14.0, taa kubwa zikiwaka 13.8. AC 0.06. Fundi amegoma kurudisha amana, anasema nichague mkanda au beringi kwa hela ile.

Mkanda_na_Puli: Chukua mkanda, uuweke chini ya kiti. Safari ya Babati ni ndefu.