Ushauri wa haraka: naweza kumsimamisha mtu wa mkono bila barua?

MwanaSaiti
Assalam alaykum wanajamvi. Mimi ni kontrakta mdogo, nakarabati nyumba ya mawe huku Shela, Lamu. Nina kijana wa mkono, yuko nami tangu kabla ya Ramadhani. Namlipa kila Alhamisi jioni, pesa mkononi, hatujaandikiana chochote. Sasa sina kazi yake tena, na mwenye nyumba anatusukuma tumalize. Kibarua si ni siku kwa siku? Nikimwambia kesho usije, anaweza kunishtaki? Nisaidieni, usingizi sipati.

BintiLangoni
Wa alaykum salaam. Mtu aliyekuchanganyia chokaa na Ramadhani akiwa amefunga, leo umwambie kesho usije? Muogope Mungu kaka yangu. Mlipe mtu haki yake kabla jasho halijakauka.

Baba Swafia
Yangu yalinikuta Malindi. Fundi wa makuti alichukua advansi, akaenda harusini Mambrui, hakurudi. Masika yakatukuta paa liko wazi, godoro la mgeni likalowa chapachapa. Wewe wako yupo na bado unamfukuza? Niletee mimi.

Mpenda Sheria
Tujibu swali jamani. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wako unamlipa kwa wiki. Na kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi, hata mkiitana kibarua mpaka kesho. Huyo anataka notisi ya siku 28 kwa maandishi. Kutoandikiana hakukusaidii: mkifika mahakamani bila mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wako mwajiri.

Ila kuna kitu sikielewi. Mwenye nyumba anakusukuma, halafu unapunguza watu? Kuna nini?

MwanaSaiti
Ni mambo ya ndani ya saiti tu.

BintiLangoni
Ya ndani usingeyaleta hapa. Sema.

MwanaSaiti
Haya. Alianguka. Mti mmoja wa jukwaa la kusimamia mafundi ulikatika pale penye fundo, akaangukia lundo la matumbawe, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Nilimvusha kwa boti mimi mwenyewe na plasta nikalipa. Bima sina, kazi ni ndogo. Nikampa 15,000, tukaandikiana kwamba tumemalizana, akatia dole gumba. Tulikuwa wawili tu chumbani, hakulazimishwa na mtu. Sisi huku tunaelewana hivyo tangu zamani, mambo ya mahakama ya nini?

NahodhaMkanda
Ngojeni kwanza. Asubuhi kazi imeisha, jioni mkono umevunjika. Akaunti yenyewe imefunguliwa jana. Na kontrakta gani anajua mti ulikatikia kwenye fundo? Anayejua hayo ni aliyekuwa juu. Mimi naona huyu ndiye kijana mwenyewe, anapima kina cha maji kabla hajaenda kwa bosi.

Baba Swafia
Kama ndiye, uzi mrefu hivi kauandika kwa mkono upi?

BintiLangoni
Kama ni wewe mwanangu, pole sana, na usiogope.

MwanaSaiti
Najua kwa sababu niliupanda ule mti baadaye nikaupasua kwa panga. Nje mkoko mzuri, ndani unga mtupu. Sina haja ya kutunga. Na karatasi siichani, alikubali kwa hiari yake.

Mpenda Sheria
Uwe bosi, uwe kijana, jibu ni moja. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ile tunayoiita WIBA, pia ya 2007, inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, udogo wa kazi si kinga. Ajali inaripotiwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu mwajiri ajue, na ikiwa ni kifo ni saa 24. Majeruhi naye ana miezi 12 ya kudai fidia.

Hilo dole gumba lisikudanganye. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ajira kinabatilisha makubaliano yoyote ya mfanyakazi kuacha haki alizopewa na sheria hiyo. Ukimwachisha sasa hivi mkono ukiwa ndani ya plasta, bila kumsikiliza, unajiongezea kesi ya pili, na mahakama ya ajira inaweza kukuamuru umlipe hadi mishahara ya miezi 12.

MwanaSaiti
Siku 7 zimeshapita.

Mpenda Sheria
Ripoti hivyo hivyo, kuchelewa ni afadhali kuliko kuficha. Na 15,000 iandike kama pesa uliyompa, isiwe mwisho wa madai. Nenda ofisi ya leba kabla hujamwambia neno lolote la kuacha kazi. Fomu ikikushinda niandikie faraghani.

NahodhaMkanda
Mimi bado sijaridhika. Kama kweli wewe ndiye mwajiri, jukwaa hilo leo yuko nani juu?

MwanaSaiti
Vijana wawili. Nimewashusha sasa hivi, tunaanza kukagua mti mmoja mmoja.