Chupa ya maji ya kupandia mlima: stenlesi au plastiki ngumu?

MtotoWaUyole: Wakuu, heshima kwenu. Nimechoka kununua maji ya dukani kila safari, nataka chupa ya kudumu. Pale Mwanjelwa nimeona mbili: ya stenlesi inayotunza joto, 25,000, na ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana, 12,000. Nichukue ipi? Jumamosi nashuka sokoni.

Kibuyu: Unaenda wapi, siku ngapi, na begi anabeba nani? Kama ni Ziwa Ngosi kwenda na kurudi, chupa ya dukani uliyokunywa jana inatosha.

BintiTukuyu: Stenlesi. Chai ya asubuhi unaikuta ya moto saa nane mchana. Mjadala umefungwa.

Kibuyu: Kaulizia maji, siyo chai, dada. Hiyo chupa ya lita 1 ikiwa tupu inakaribia nusu kilo, na maji yenyewe ni kilo nzima. Ya dukani tupu haifiki gramu 50. Panda nayo Rungwe halafu urudi hapa.

MtotoWaUyole: Ni Kitulo, siku tatu, halafu tunashuka kwa miguu hadi Matema. Tuko wawili, mimi na shemeji. Hema lipo.

MzeeWaMatamba: Sasa ndiyo umeongea. Huku juu usiku ni baridi hata msimu wa maua. Chukua plastiki ngumu, ila hakikisha ni ile inayohimili maji ya moto. Unamimina, unakaza kifuniko, unaivalisha soksi, unaiweka miguuni. Stenlesi ya kutunza joto haikupi kitu hapo, joto lote linabaki ndani. Wala usiiweke motoni, ina kuta mbili na katikati pamezibwa, inaweza kupasuka. Ya dukani nayo ukiitia maji ya moto inanywea, shingo inapinda, kifuniko hakishiki tena.

Mpanda_Loleza: Ngoja niseme yaliyonikuta. Stenlesi niliinunua duka moja mjini, muuzaji akaapa ni orijino. Njia yetu ndiyo hiyohiyo ya kwako. Asubuhi nikaijaza, nikaipenyeza ndani ya begi. Kumbe ule mpira mweupe wa kwenye kifuniko umekatwa mfupi, ncha hazikutani, ukipitisha ukucha unalisikia pengo. Chupa ikisimama haivuji. Ikilala, tone, tone. Tunateremka safu ya Livingstone, mgongo umelowa, mimi najua ni jasho. Tunatua mizigo tule mihogo, blanketi linachuruzika na chupani kumebaki kama vikombe viwili. Na kule kila ukishuka joto la ziwani linakuja kukupokea. Nimefika Matema kwa kuombaomba maji ya wenzangu. Kurudi dukani, jamaa ananiambia sikuifunga vizuri! Nikachungulia ndani kwa tochi, kwenye maungio ya kitako kuna mstari wa kutu. Stenlesi gani hiyo?
Kabla hujalipa, mwambie aijaze maji, ilaze juu ya gazeti, mpige stori dakika 10. Akikataa, ondoka.

BintiTukuyu: Pole kaka, lakini uliuziwa feki. Usizihukumu zote.

NesiMakete: Mnabishania chupa, hakuna aliyeuliza maji yatachotwa wapi. Kitulo kuna shamba la ng'ombe, na ng'ombe hawachagui mto. Yachemsheni. Ukiwa juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3, kwa sababu kule yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Vidonge navyo someni pakiti: vya WaterGuard tulivyozoea, kimoja ni cha lita 20, siyo cha chupa moja. Tafuteni vya lita 1. Ukishatia dawa na ikayeyuka, legeza kifuniko kidogo, inamisha chupa ili maji yenye dawa yapite pale kifuniko kinapojifungia, kaza, subiri nusu saa. Watu wengi hapo wanaruka, halafu wanashangaa tumbo.
Mimi ni mdomo mpana: mkono unaingia kuosha, na unachota hata kwenye kijito chembamba. Ubaya wake, ukinywa huku unatembea unajimwagia kifuani.

Kibuyu: Tuliopita JKT tulining'iniza kibuyu kiunoni na hakuna aliyejimwagia.

MzeeWaMatamba: Mkipata nafasi pandeni Mtorwi. Mita 2,961, Rungwe mnaitazama kwa chini.

BintiTukuyu: Ehee! Rungwe ni 2,960, mzee. Unaringia mita 1? Nikisimama kileleni nimekupita.

MzeeWaMatamba: Nami nitakuwa nimesimama, mjukuu wangu. Mita ni mita.

MtotoWaUyole: Wakuu, shemeji anasema tusinunue kitu, ana kidumu cha lita 5 cha mafuta ya kula, amekiosha.

Kibuyu: Shemeji ana akili.

NesiMakete: Harufu ya mafuta haitoki hiyo. Na atakibeba mkononi mpaka Matema?

Mpanda_Loleza: Mnapandia Chimala kwenye zile kona 57 au mnazungukia Isyonje? Kama ni Chimala, shemeji akae mbele na mfuko karibu.

BintiTukuyu: Mfuko wenyewe siku hizi ni ule mbadala, unachuja kama kitambaa. Zungukieni Isyonje tu.

MzeeWaMatamba: Nani kasema Isyonje ni afadhali? Umepita lini mara ya mwisho, na ilikuwa masika au kiangazi?