Maua ya manjano ya jamii ya karoti, Ohio: ndiyo yale yanayounguza ngozi?

Mama Zuhura
Hamjambo wenzangu. Tumehamia nyumba hapa Columbus wakati wa baridi. Sasa nyuma ya uwanja, kule bondeni maji ya mvua yanakotuama, pameota maua ya manjano mengi sana. Urefu yananipita goti kidogo. Viua ni vidogo mno, vimekusanyika vishada vishada juu ya bua, na ukiyaona majani utajua mara moja ni ndugu wa karoti na kotimiri. Jirani amenihakikishia ni mmea unaounguza ngozi, nipige dawa eneo zima. Binti yangu ana miaka sita na hapo ndipo anapochezea. Ila nyuki wamejaa pale tangu asubuhi na roho inanisita. Picha hizo hapo. Nisaidieni.

Kijana wa Dayton
Dada, usiguse kabisa! Binamu yangu anafyeka kando ya barabara, mwaka jana alipata malengelenge mikono yote miwili, na madoa meusi yalikaa miezi. Yalikuwa manjano hivyo hivyo.

Mtunza Nyika
Mama Zuhura, dawa iache kwanza. Nafanya kazi ya kurudisha nyasi za asili upande wa Big Darby Creek, magharibi ya Columbus, na mimea hii miwili nakutana nayo kila msimu.

Kilichomuunguza binamu wa Kijana ni pasnipu mwitu, Pastinaca sativa. Ililetwa na Wazungu kutoka Ulaya kama mboga ya mizizi, ikatoroka mashambani. Utomvu wake ukigusa ngozi, kisha ngozi ipigwe na jua, unaungua. Mfyekaji ndiye anayeumia zaidi kwa sababu mashine humrushia utomvu mwilini. Hatari hiyo ni ya kweli, siibishii.

Ila kwenye picha zako naona Zizia aurea, ambayo Wamarekani huiita golden alexanders. Huyu ni mwenyeji wa nchi hii, na anapenda sehemu zenye unyevu kama bonde lako. Tazama jani la chini: limegawanyika matatu, na kila tawi likagawanyika tena, kingo zina meno madogo madogo. Jani la pasnipu lina mshipa mmoja mrefu, vijani vinatazamana jozi kwa jozi na kimoja kinamalizia nchani. Bua lake ni nene, lina mifereji, na linaweza kumpita mtoto mkubwa kwa urefu. Halafu tuko katikati ya Mei. Pasnipu kwa kawaida huanza kuchanua Juni, wakati Zizia huku kwetu inaanza mwishoni mwa Aprili.

Bado nataka uhakikishe mwenyewe. Vaa glavu na shati la mikono mirefu, kata ua moja, ligeuze upande. Chukua kishada kimoja kidogo uangalie kiua cha katikati kabisa. Kamera ya simu ukiikuza inatosha. Kwenye Zizia kiua hicho hakina kikonyo, kimekalia shina pale pale huku wenzake wakiwa juu ya vikonyo vyao. Alama hiyo inaitenga pia na Thaspium, mwenyeji mwingine wa manjano anayefanana nayo mno, ambaye viua vyake vyote vina vikonyo.

Nasisitiza kwa sababu ukipiga dawa hapo unaua zaidi ya ua. Kuna nyuki mdogo wa porini, Andrena ziziae, anayelisha watoto wake chavua ya mimea hii. Na yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio polyxenes, hutaga mayai kwenye majani yake.

Mama Zuhura
Nimetoka uani sasa hivi. Nimekata maua kutoka sehemu mbalimbali za bonde, na yote kiua cha katikati hakina kikonyo! Na kwenye jani moja kuna kiwavi kijani mwenye mistari myeusi na vidoti vya manjano. Nilipomsogelea akatoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu kali. Zuhura hataki kuondoka hapo.

Mtunza Nyika
Basi ni Zizia, na huyo ndiye mtoto wa kipepeo niliyemtaja. Pembe hizo ni za kutishia tu, hang'ati. Mwambie Zuhura atazame bila kuchuma, na asitie chochote mdomoni, maana jamii hii ina mimea mingine inayoua na mtoto hawezi kuitofautisha. Mwezi Julai pita tena bondeni ukague bua nene lenye mifereji. Ukiliona, likate mzizi kwa sepetu chini ya udongo, jioni jua likishapungua, ukiwa umejifunika.

Kijana wa Dayton
Mzee, mbegu za hiyo Zizia naweza kupanda kwangu?

Mtunza Nyika
Unaweza. Zikikauka na kuwa kahawia zikusanye, uzimwage kabla ya baridi kuingia. Zinahitaji miezi ya ubaridi na unyevu ndipo ziote. Mwaka wa kwanza utaona majani tu, usizing'oe.