Mchoro wa mchakato wa manunuzi umejaa mishale, nianzie wapi kuusafisha?

Mtunza Stoo
Wakuu, salaam. Nimepewa kazi ya kuchora mchakato wa manunuzi wa ofisi, kuanzia idara inapoomba kifaa hadi mzabuni anapolipwa. Natumia draw.io, programu ya kuchorea michoro. Nimeweka kila kitu, mpaka nani ni bosi wa nani. Sasa mishale inapishana kila kona, na mhasibu nilipomwonyesha akauliza, "Mimi naingia wapi hapa?" Bosi anataka ukurasa mmoja. Naombeni msaada.

Fundi Michoro
Mkuu, shika hapo hapo kwenye swali la mhasibu. Umechanganya mambo mawili: kazi inapita wapi, na nani anaripoti kwa nani. Hilo la pili litolee chati yake ya muundo.

Kwenye mchakato, gawa ukurasa kwa njia za mlalo, kila mhusika na yake: idara inayoomba, manunuzi, uhasibu, meneja. Hatua ikae kwenye njia ya anayeifanya. Mhasibu atafuata njia yake kwa kidole na kujiona. Mshale ukivuka njia, kazi imebadilisha mikono, na hapo ndipo pa kukodolea macho. Faili hukwama zaidi kwenye makabidhiano kuliko mezani kwa mtu anayeijua kazi yake.

Hatua ianze na kitenzi: "Linganisha ankara na hati ya kupokelea mzigo". Ukiandika "Ankara" peke yake, msomaji hajui ifanywe nini. Umbo la almasi ni la uamuzi, ndani yake weka swali, mfano "Bei iko ndani ya bajeti?", na kila mshale unaotoka uandikwe "Ndiyo" au "Hapana". Tafadhali usiisahau "Hapana". Ombi likikataliwa linarudi kwa nani? Ukiuliza na kila mtu akakutajia mwingine, hilo si tatizo la mchoro tena, mpelekee bosi aamue.

Kuhusu ukurasa mmoja: "Chagua mzabuni" iwe kisanduku kimoja, undani wake uweke ukurasa wa pili wa faili hilohilo, kisha kiwekee kisanduku kiungo cha kwenda huko.

Dada wa Rasilimali Watu
Naongezea kwenye chati ya muundo. Andika cheo kwanza, jina chini yake kwa herufi ndogo, maana watu huhama na cheo kikabaki. Nafasi iliyo wazi ionyeshwe pia. Anayeripoti kwa wakuu wawili, mkuu wa pili mpe mstari wa nukta.

Usichore kwa mkono kama watu ni wengi. draw.io inapokea orodha ya CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa koma), na Visio, programu ya michoro ya Microsoft, inasoma Excel. Muhimu ni safu inayosema kila mmoja anaripoti kwa nani. Na si lazima bosi awe juu: chati ya Daniel McCallum ya mwaka 1855, ya reli ya New York and Erie, ni kama mti, na bodi iko kwenye mizizi.

Mtunza Stoo
Shukrani sana. Je, nilazimike kujifunza BPMN, zile alama sanifu za kuchora michakato ya kazi?

Fundi Michoro
Kwa wasomaji wa ofisini, hapana. Umbo la mwanzo na mwisho, mstatili, almasi na mshale vinatosha. BPMN 2.0, ya mwaka 2011, ina alama nyingi sana, nazo zina faida pale mchoro unapokwenda kwa watengenezaji wa mfumo, wanaohitaji kujua hatua ipi inasubiri ujumbe na ipi inasubiri muda. Wakikuomba hivyo, rudi hapa tuzipitie.