Acheni kuuzia wazee Datsun 240Z iliyovishwa faiba mkiita "Ferrari ya bodi moja duniani"

Wadau nimekasirika na leo siongei polepole. Kuna gari nyekundu inauzwa huku Nairobi, iko na sura ya Ferrari 250 GTO, ile gari ya mbio ya Kiitaliano, na tangazo linasema ni ya 1962, chasis ya Ferrari, bodi iliundwa Modena kwa oda ya tajiri fulani na hakuna ingine duniani. Ni uongo mtupu. Hiyo gari ni Datsun 240Z, gari ya spoti ya Japani, imefunikwa na bodi ya faiba (fiberglass). Sijaambiwa na mtu, nilienda mwenyewe nikafungua boneti nikalala chini yake na tochi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mjomba wangu alikuwa ashalipa dipoziti kabla hajaniambia, pesa yake ya kustaafu, na sasa muuzaji anamwambia "mzee dipoziti hairudi, si tulielewana."

Niseme mapema ndio msinirukie kwa komenti, mimi sina shida na riplika, yaani gari iliyojengwa kuiga ingine maarufu. Zile gari za spoti za Cobra zilizotengenezwa miaka ya sitini hazikufika hata elfu moja, kwa hivyo nyingi mnazoona zikizunguka huko nje ni riplika na wenyewe wanakubali bila aibu. Kuna Speedster za Porsche zimejengwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle, zinapendeza, mtu anaendesha na roho safi. Kule Paraná, Argentina, kuna watu wa Pur Sang wanaunda Bugatti Type 35 kwa mkono kuanzia injini hadi rimu, na wanaiuza kama kazi ya mikono yao. Hata Jaguar wenyewe, moto wa 1957 kwa kiwanda chao cha Browns Lane uliwachomea gari tisa za XKSS, 2016 wakatangaza wanajenga tisa mpya na wakasema wazi ni mpya. Hapo hakuna mtu amedanganywa. Mnunuzi anajua analipia nini, akitaka bei ichapwe atabishana na ukweli mkononi.

Sasa huyu muuzaji wetu nilipombana alikimbilia hadithi ya Breadvan, na hapo ndipo nilishikwa na hasira kabisa juu ile hadithi naijua. "Bosi, kwani hujui Ferrari zilikuwa zinabadilishwa bodi? Hii ni kama ile Breadvan." Eti hii ni kama Breadvan!

Breadvan ilitoka hivi. 1962 Count Giovanni Volpi alitaka GTO kwa timu yake ya Scuderia Serenissima, Enzo Ferrari akamnyima kwa sababu Volpi alikuwa anaweka pesa kwa ATS, kampuni ya wale mainjinia waliokuwa wametoka Ferrari wamekosana na Enzo. Volpi hakulia. Alichukua 250 GT SWB yake, chasis 2819, akampatia Giotto Bizzarrini ambaye ndiye alikuwa ameshughulikia GTO yenyewe kabla atoke, injini ikarudishwa nyuma na kushushwa, na karakana ya Piero Drogo pale Modena ikaunda ile bodi ya paa refu lililokatwa wima kwa nyuma. Wakaipeleka mbio za Le Mans mwaka huo huo, ikawa mbele ya GTO zote hadi shafti ikavunjika saa ya nne. Hiyo ndiyo gari ya bodi moja duniani wazee! Bodi ilibadilishwa lakini 2819 ni 2819 hadi leo, kila mtu anajua ilizaliwa gari gani, nani aliikata, kwa nini aliikata na ilikimbia wapi. Kubadilisha bodi hakufanyi gari kuwa feki, kinachoifanya feki ni kuficha ilichokuwa. Kwa hivyo huyu jamaa asichukue jasho la Bizzarrini na Drogo afunike nalo uongo wake wa yadi.

Hebu niwaambie nilichoona. Muuzaji alikuwa amemwonyesha mjomba sumaku, anaweka kwa mlango inaanguka, "unaona mzee, ni aluminiamu, kama za Scaglietti." Scaglietti ndio waliounda bodi za GTO, mjomba akaamini. Lakini faiba pia haishiki sumaku jamani! Ukitaka kujua gonga na kifundo cha kidole, bati ya aluminiamu inalia, faiba inatoa sauti bubu kama mtungi wa maji uliojaa, halafu ingiza mkono ndani ya madgadi upande usiopakwa rangi, utahisi zile nyuzi zinakuwasha. Nilizihisi. Kioo cha mbele ni cha Datsun, paa ni la Datsun, limechongwa tu likafunikwa.

Injini sasa. GTO iko na V12 ya lita tatu na kabureta sita za Weber zimepangwa mstari hapo juu, huwezi kuzikosa hata usiku. Hapa nimekuta silinda sita zimesimama foleni na kabureta mbili kando, L24 ya Datsun, ile ya siisii 2,393. Namuuliza ananiambia ati injini ya Ferrari iliharibika wakaweka hii "kwa muda". Sawa, basi nikaenda nyuma chini. GTO ya kweli nyuma iko na aksheli moja nzima na springi za majani, ndivyo Ferrari walivyoifanya. Hii iko na strati kila upande na kila tairi inacheza peke yake, mpangilio wa 240Z wazi kabisa. Nayo injini ikiharibika inabadilisha suspensheni? Nikapima kati ya tairi ya mbele na ya nyuma, GTO inafaa kuwa milimita 2,400, hii ilikuja karibu 2,300, na 240Z ni 2,305. Hapo nilikuwa nishajua lakini nikaenda tu kwa ukuta wa injini, palikuwa pamepakwa rangi nzito sana kuliko sehemu ingine yoyote, nikasugua na kucha, ikatokea HS30 na namba nyuma yake. HS30 ni Datsun 240Z ya usukani wa kulia. Jamaa alinyamaza, halafu akaanza kunipigia kelele kwamba naharibu rangi.

Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, hadi leo hajatoa. Alituma picha kwa simu, imekatwa pale kwa mstari wa modeli na namba ya chasis. Mtu aliye na gari halali anakata picha ya logibuku kwa nini?

Na watu wafikirie kidogo. GTO zilitengenezwa 36 peke yake kati ya 1962 na 1964, kila chasis inajulikana na watu wanazifuatilia. 2018 moja iliuzwa kwa mnada Monterey kwa dola milioni 48.4. Chochote chenye damu hiyo, hata kiwe kimevishwa bodi ingine, hakiwezi kulala kwa yadi kimefunikwa na turubai kikingojea mzee wa Donholm.

Lakini kuna kitu kingine na hiki ndicho kinanikosesha usingizi kuliko hata dipoziti. Hiyo Datsun ndiyo ilikuwa mali! Tuko Kenya sisi. 240Z ndiyo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally ya 1971, Shekhar Mehta akawa wa pili na 240Z ingine. 1973 Mehta akarudi na 240Z, yeye na Lofty Drews, wakamaliza pointi sawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B, ikabidi itumike taibreka na Mehta akachukua, ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Mjomba alikuwa kijana mdogo amesimama kando ya barabara anakula vumbi kuona hizo gari zikipita. Halafu mtu achukue 240Z ya usukani wa kulia, ambazo huku kwetu zimebaki za kuhesabu, akate matako, atupe madgadi ya bati ya Japani, amwage faiba juu, ndio aweze kumwambia huyo huyo mzee ati hii ni ya Mwitaliano. Na hatuwezi kuagiza ingine kirahisi, sheria mnaijua, gari iliyopita miaka minane hairuhusiwi kuingizwa nchini. Ile imekatwa imeenda.

Kuna msee ameshaniandikia inbox ati "si bora gari inang'ara, mzee angefurahia tu." Hapana. Mjomba alikuwa anapanga kuipeleka Concours, yale mashindano ya maonyesho ya magari, pale Ngong Racecourse. Majaji wa pale wanaingia hadi chini ya gari. Angesimama mbele ya watu na familia yake aambiwe ameleta Datsun iliyovaa maski, uzee huo, na yule aliyekula pesa yake hayuko. Huyo kijana angemwambia ukweli, "mzee hii ni riplika ya GTO juu ya 240Z, bei ni hii", labda mjomba angeinunua tu kwa bei ya haki akaienjoi, juu anapenda hiyo sura.

Kwa hivyo wewe muuzaji najua unasoma hapa. Dipoziti irudi yote, na tangazo liandikwe riplika, Datsun 240Z. Tuko na risiti na meseji zako zote na mjomba ameshaongea na wakili.

Na wengine mnaoenda kuiona, tangazo bado liko juu hadi nikiandika haya. Ombeni logibuku nzima, sio picha. Mfungue boneti, mwangalie ukuta wa injini pale nimesugua. Akikuambia hapo hapaguswi, rudi nyumbani na pesa yako.